Likishika Moto, Linakosa Moto

Januari 6

Gari limekufa Ishiara, katikati ya soko, maembe yakiwa yamejaa hadi juu. Honi ilitoa sauti ya mbuzi mgonjwa, kisha kimya. Vijana wa bodaboda walinisukuma wakicheka, na mmoja akaniambia, "Mathe, hii gari ni ya kuweka kuku." Nimemwambia asukume kwanza, aongee baadaye.

Niandike mambo yalivyo, ili siku nikisoma nisijidanganye. Pikapu hii ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Logibuku, hati ya gari, ina jina la Mami, yaani mama mkwe wangu Ruguru. Nyaga, mume wangu, ndiye aliyekuwa akiiendesha hadi Novemba alipokwenda Doha kazi ya ulinzi. Shemeji yangu Ireri, mkubwa wa Nyaga, alitaka iuzwe wiki hiyohiyo. Nikasema nitaiendesha mimi. Wakapatana hivi: msimu wa maembe uishe, familia ikae, na kama gari litakuwa limezoea kusukumwa, liuzwe. Mami alikuwapo. Alikuwa akichambua ndengu, akaendelea kuchambua.

Mimi, mama Antony, nalitaka gari hili. Miaka yote nimeuza maembe kwa broka anayefika shambani, anayaminya kwa vidole, anachukua mazuri na kuniachia ya nguruwe. Sasa nayapeleka mwenyewe Kianjokoma, kule juu kwenye baridi na majani chai, ambako mwembe haukui na watu wanayala maembe kama hawajawahi kuyaona. Na ya majirani wenye mashamba kule chini Ishiara kama sisi nayabeba pia. Kwa broka sirudi.

Januari 7

Fundi Gitobu amekuja hapa nyumbani, karibu na Siakago. Ni Mmeru mwenye gereji Ishiara, fundi wa waya, mdomo hauna breki lakini mikono yake ni mizuri. Alifungua alteneta, kile kinachochaji betri, akanionyesha brashi zake mbili zilizolika mpaka zikabaki vipande vya kucha. Mami alitoka jikoni akasimama karibu, jambo ambalo hafanyi.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Cucu, hii ndio inaletea gari moto," Gitobu akasema, akimwita nyanya kwa heshima na kuigonga alteneta kwa spana. "Moto inatoka hapa. Moto ikikosa hapa, gari imekufa."

"Moto unatoka hapo?"

"Hapo tu, Cucu."

Mami akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta, akarudi jikoni. Mimi hakuniangalia. Najua anavyoniona: mwanamke anayeshika usukani wa mume wake huku mume hayupo.

Brashi mpya zimewekwa. Taa nyekundu ya betri imezimika.

Januari 8

Limewaka mara moja. Nimeimba njia nzima, na sauti yangu si ya kwaya.

Januari 14

Nimeimba mapema mno. Leo nikipanda kutoka Ishiara na mzigo, jua kali, mshale wa joto umepanda, na mara taa ya betri ikawaka. Nilisimama Siakago chini ya kibanda cha mkaa, nikafungua boneti, nikangoja. Engine ilipopoa nikawasha, taa ikazimika yenyewe, nikafika Kianjokoma salama. Hii si ile shida ya kwanza. Ile haikuchagua wakati. Hii inangoja gari lipate joto.

Januari 15

Nimempigia Gitobu simu. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Fundi, gari ikishika moto inakosa moto."

"Inashika moto? Zima! Tupa mchanga!"

"Si kuungua. Ikishika moto, ile ya joto, inakosa moto, ile ya betri."

"Sasa sema inachemka! Mama Antony, utaniua."

Amekuja na kung'oa themostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke engine ikiwa baridi, maana kwake gari likichemka kitu cha kwanza ni kung'oa themostati. Anasema hawa wazungu waliiweka kwa sababu kwao ni baridi. Nimemuuliza kuhusu betri. Amesema kila moto una zamu yake, kwanza huu wa joto.

Januari 16

Themostati haipo, na taa imewaka palepale kwenye ule mlima wa kutoka Ishiara.

Januari 20

Imewaka tena. Nimesukumwa Kianjokoma na watu wanne na mchungaji mmoja.

Januari 23

Leo nimemlazimisha Gitobu apande gari nami na mita yake. Nimemwambia hatashuka mpaka tujue. Asubuhi, engine ikiwa baridi, mita ilisoma volti kumi na nne na ushee. "Safi kabisa," akasema, "alteneta iko sawa, inachaji." Tukashuka Ishiara, tukapakia maembe, tukaanza kupanda. Joto likapanda. Taa ikawaka. Tukasimama na engine ikinguruma, akapima tena: kumi na mbili tu, na bado inashuka. Hapo gari linakula betri bila kurudisha kitu.

Akabadilisha betri na ile aliyokuja nayo. Hali ni ileile, kwa hiyo si betri. Akakwangua vichwa vya betri, akafunga upya waya mnene unaokwenda kwenye bodi. Bado. Nilimuuliza mbona joto na chaji vinaharibika pamoja, kama watu wawili waliopatana. Akanitazama, kisha akaonyesha mkanda wa feni. Mkanda huo mmoja ndio unaozungusha feni, pampu ya maji na alteneta. Ukilegea, engine inakosa hewa na maji, na alteneta inakosa mzunguko.

"Wewe umeuliza swali la fundi," akasema.

Nimefurahi kuliko ninavyotaka kukiri. Ameukaza mkanda.

Januari 28

Taa. Mlima uleule.

Februari 3

Nimemkuta Ireri amefungua boneti ya gari langu. Ndiyo, nimeandika langu.

"Unatafuta nini shemeji?"

"Naangalia tu. Kuna mtu wa Chuka anaitwa Mbaabu, anataka pikapu. Ameniuliza hali yake."

"Msimu haujaisha."

"Gari nayo imeisha, mama Antony. Mimi si adui yako. Mwaka huu umesukumwa mara ngapi? Watu wananiuliza sokoni kama bibi ya Nyaga amekuwa mkufunzi wa kusukuma."

Nimefunga boneti kwa nguvu hata kuku wakaruka. Mami alikuwa mlangoni. Alituangalia wote wawili, akaingia ndani. Nimeanza kufikiri jambo baya, na naliandika ili litoke kichwani: kwamba kuna mtu anaharibu hili gari usiku nikiwa nimelala, na mtu huyo amenunuliwa soda na mtu wa Chuka.

Februari 6

Nyaga amepiga. Anasema nisigombane na kaka yake. Nimemwambia huko Doha alinde geti, hapa nalinda mimi.

Februari 11

Mkanda mpya. Gitobu aliutoa ule wa zamani akaukunja mkononi. Uling'aa upande wa ndani kama kiatu cha mwalimu mkuu. Anasema mkanda mzuri hautakiwi kung'aa, na ukiwa hivyo unateleza juu ya puli, kigurudumu cha alteneta, badala ya kuikamata. Basi tumepata, tukapeana mikono, na nimempa maembe ya kupeleka kwake.

Februari 12

Kianjokoma na kurudi bila taa. Asante Mungu.

Februari 13

Taa. Nimeketi kando ya barabara nikalia kwa hasira. Mtu mmoja mwenye ng'ombe aliniuliza kama nimefiwa.

Februari 14

Watu wa mjini wanapeana maua leo. Mimi nimepewa jibu, au nusu ya jibu.

Nilimwambia Gitobu kwamba leo simsikilizi akikisia, nataka kuona kwa macho. Alichora alama ya chaki kwenye puli ya alteneta na nyingine kwenye mkanda, zikitazamana. Engine ikiwa baridi, aliizungusha kidogo kwa spana. Alama zilikwenda pamoja. Tukaliendesha mpaka mshale wa joto ukapanda, tukarudia. Mkanda ulizunguka, puli ikazubaa nyuma. Alipotaka kuigusa puli aliruka, imewaka moto. Moto wa joto, nieleweke.

"Inateleza. Mkanda wa siku tatu inateleza aje?" Akapitisha kitambaa upande wa ndani wa mkanda. Kitambaa kikatoka na mafuta. Tukatafuta engine inavuja wapi. Juu, chini, nyuma. Haivuji popote. Engine ni kavu, ila alteneta juu yake ina utelezi, na utelezi umeshuka mpaka kwenye puli.

Gitobu akanusa kitambaa. Akanusa tena. Akanipa.

"Mama Antony, unapakia engine marashi?"

Kilinukia waridi. Oili ya gari hainukii waridi. Moyo wangu umekwenda moja kwa moja kwa Ireri, kwa sababu ndiye niliyemkuta na boneti wazi. Mtu anapaka mafuta kwenye gari langu, kwa makusudi. Nimekwambia wewe karatasi, nitamjua, na atajua kwamba nimemjua.

Februari 15

Sijamwambia mtu. Nimeuosha mkanda na puli kwa maji ya sabuni na nikavikausha kwa jua. Leo taa haikuwaka.

Februari 16, Jumapili

Sijui nianzie wapi. Naanzia kanisani.

Leo ilikuwa ibada ya upako. Mami ni mama wa maombi, anakaa mbele na wamama wenzake, na wagonjwa wakija yeye huwapaka mafuta kwenye paji la uso. Tukaimba, watu wakapandwa na Roho, mchungaji akapaza sauti, "Moto!" na kanisa likajibu, "Moto!" Mimi nilikwenda mbele pamoja na wengine kwa sababu nilikuwa na hasira ya Ireri kifuani, na nilitaka kuiacha pale. Mami akafungua kikopo chake cha bati. Akachovya kidole gumba. Mafuta ya Mami si ya maji. Huchanganya ya mzeituni na mafuta mazito ya kujipaka, kwa sababu ya maji, anasema, yanamwagika kwenye mkoba. Akanigusa kwenye paji.

Waridi.

Nilifumbua macho. Mami alikuwa amefumba yake, anaomba. "Moto wako, Baba, usikose mahali panapotakiwa." Kanisa likaitika. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwona Gitobu akigonga alteneta kwa spana na kusema moto inatoka hapa.

Nilirudi kwenye benchi nikipapasa paji na kunusa vidole. Winrose, jirani yangu, alidhani ni Roho. Mafuta mazito kama yale asubuhi yameganda, yanakaa yalipopakwa. Engine ikipata joto yanayeyuka na kushuka. Ndiyo maana gari halisumbui likiwa baridi. Kila kitu kimeketi mahali pake, na nilikuwa nimeshamhukumu Ireri bure.

Februari 17

Nilitaka kunyamaza, niwe naosha mkanda kila siku na maisha yaendelee. Lakini siwezi kuosha mkanda maisha yangu yote. Nimemngoja Mami amalize kukamua.

"Mami, yale mafuta ya maombi, siku hizi unayapaka wapi?"

"Mahali penye kazi," akasema. "Ama ulidhani umekuwa ukirudi nyumbani kwa nguvu zako?"

Akaweka ndoo chini, akanitangulia hadi kwenye gari. Alifungua boneti bila kuhangaika. Gari hili amelijua kabla yangu. Akaweka kidole gumba juu ya alteneta.

"Fundi alisema moto unatoka hapa. Kila siku kabla hujaamka napaka, naombea safari. Siku ukirudi umesukumwa, kesho yake naongeza."

Kesho yake naongeza. Nikahesabu kichwani mara nilizosukumwa.

"Mami, mimi nilidhani hutaki niendeshe."

Akanishangaa kweli. "Kama ningekuwa sitaki, ningekuwa nalala."

Naandika na machozi yananitoka, si aibu kusema. Miezi yote hii nimepita karibu na huyu mama asubuhi nikidhani ukimya wake ni mlango uliofungwa. Lakini ilinibidi nimwambie. Nikamweleza polepole kwa Kimbeere, kwa sababu Kiswahili ndicho kilichotupoteza: kwamba moto wa Gitobu ni umeme, kwamba mafuta yakipata joto yanayeyuka, yanafika kwenye mkanda, mkanda unateleza, maji hayazunguki na betri haipati kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Akaangalia kidole chake.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Si wewe, Mami. Ni mafuta."

"Mafuta hayana miguu," akasema.

Akafunga boneti taratibu na kuchukua ndoo yake. Nilimfuata nikamwambia hakuna atakayejua, si Ireri, si fundi, si Nyaga. Hakugeuka.

Februari 18

Gitobu ameosha kila kitu kwa petroli na sabuni, ameweka mkanda mwingine, na amerudisha themostati, maana nimemwambia hakuna mzungu aliyekosea. Aliniuliza mafuta yalitoka wapi. Nikamwambia yameisha, asiulize.

"Ni siri?"

"Ni familia."

"Hiyo ni mbaya kuliko siri," akasema, na akaacha.

Februari 19

Ishiara hadi Kianjokoma, jua likichoma, mzigo kamili. Mshale wa joto katikati. Taa ya betri imelala fo fo fo. Nilitaka kufurahi. Nilipofika nyumbani Mami alikuwa ameshakula peke yake.

Februari 24

Gari zuri. Mami haongei.

Machi 1

Gari zuri. Jana Mami hakwenda maombi ya wamama. Amesema mguu unauma. Mguu wake naujua, hauumi.

Machi 5

Maembe yanaisha. Ireri amesema tukae Jumamosi na Mzee Njura, ndugu ya marehemu baba mkwe, awe wa kuamua. Mbaabu wa Chuka atakuja pia, gari likiuzwa aondoke nalo. Nimemwambia aje. Sitaki gari hili liniponyoke kwa sababu sikufika kwenye kikao.

Machi 8

Tulikaa kwenye viti nje ya nyumba ya Mami. Mzee Njura aliomba, ombi refu. Mbaabu alikaa kando na kofia magotini, mtu mpole, hana kosa lolote.

Ireri hakunitukana. Ingekuwa rahisi angenitukana. Alisema nimejitahidi kuliko mwanamume. Alisema pia gari limesimama barabarani msimu mzima, mara betri, mara brashi, mara mkanda, na mkanda tena, na kwamba siku moja litasimama kwenye kona na lori nyuma yake, na hapo tutazika mtu.

"Imekuwa sawa tangu katikati ya Februari," nikasema.

"Ilipona nini?"

"Mkanda ulikuwa unateleza."

"Ulikuwa mpya. Uliteleza kwa nini?"

"Ulikuwa na mafuta."

"Mafuta yalitoka wapi? Engine inavuja?"

"Haivuji."

"Basi yalitoka wapi?"

Nikatazama pembeni. Mami alikuwa ameketi karibu nami, mikono juu ya kanga, macho chini. Niliona vile ningeweza kujiokoa kwa sentensi moja. Mzee Njura ni mzee wa kanisa. Na mama wa maombi aliyelemaza gari kwa maombi angechekwa kuanzia Siakago hadi Ishiara mpaka azikwe. Nilimwahidi.

"Mama Antony," Mzee Njura akasema, "ukijua shida ilitoka wapi utuambie. Kama hujui, itarudi. Na kama itarudi, Ireri ana haki."

"Najua, mzee. Lakini sisemi."

Ireri akainua mikono. Mbaabu akavaa kofia, akaivua tena. Mzee Njura akanitazama kwa huzuni, nikaona tayari ameshaamua.

"Ni mimi," Mami akasema.

Hakuna aliyeelewa. Akasimama.

"Fundi alisema moto unatoka pale. Nikadhani ni moto ninaoujua mimi. Nikapaka mafuta ya maombi kila siku kabla huyu hajaamka. Likakataa, nikaongeza. Mafuta yakayeyuka yakaangusha mkanda. Gari halikuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa ni mimi na kikopo changu."

Mzee Njura alianza kukohoa, na kikohozi kile kilikuwa kicheko kilichokosa njia. Ireri alifungua mdomo. "Mami, si ungeambia watu—"

"Nimewaambia. Huyu amelijua jambo hili tangu Februari. Mmemkaba hapa mbele yangu, na hakunitaja. Mimi ningemtaja." Kisha akamgeukia mgeni. "Mbaabu, samahani kwa safari, utakula chakula kabla ya kwenda. Ireri, gari lina jina langu na haliuzwi. Acheke anayetaka kucheka, kesho ni kanisa na mimi nitakuwa mbele."

Ireri alipeana mkono na Mbaabu. Kisha akasema, polepole, kwamba Mami akishasema yeye hana neno, na akaniomba msamaha kwa lile la mkufunzi wa kusukuma. Nikamwomba wa kwangu, ingawa hakujua ni wa nini.

Mami akanigeukia. Tangu niolewe ameniita mama Antony au bibi ya Nyaga.

"Dereva," akasema, "kuna maembe ya Winrose yamebaki Ishiara yanaoza. Umekaa hapa kungoja nini?"

Nilisimama. Nilitaka kumkumbatia lakini mikono yangu haikujua ianzie wapi, nikakimbilia funguo. Nikiwa nageuza gari, alifungua mlango wa pili, akapanda, akaweka mkoba wake magotini.

"Twende," akasema. "Nataka kuona mwenyewe huo mlima."